Mkanda wa gari hautaki kurudi? Osha kwanza, usifungue mashine

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani. Leo niko ndani ya gari, hapa Reading, Uingereza, na nje kuna mvua ndogo, mtanisamehe sauti ikiwa na kelele za bati. Hili ni Yaris, ambalo huko mnaliita Vitz. Nitakachowaonyesha kitafaa pia kwenye IST, Noah, Probox, karibu gari lolote dogo.

Kilichoniingiza humu ni mama. Wiki iliyopita alinipigia simu ya video, mdogo wangu anampeleka kliniki. Mama kakaa mbele, mkono mmoja simu, mkono wa pili kaukamata mkanda pale kifuani, kama mtu anayeshika ncha ya kanga isimdondoke. Nikamuuliza, "Mama, shikamoo, mbona mkanda hujafunga?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Huu umechoka, ukiufunga unaning'inia tu. Naushika ili trafiki auone." Mdogo wangu kwa pembeni anadakia, "Dada, huo haujawahi kurudi tangu ninunue gari."

Siku ile sikulala vizuri. Ndiyo maana video hii namtumia yeye kwanza, halafu nyinyi wote.

Tuanze na kwa nini. Mkanda ukiwa na ulegevu wa sentimita 10, gari likisimama ghafla mwili wako unaendelea kwenda mbele kwa zile sentimita 10 kabla haujakamatwa, na unapokamatwa unakamatwa kwa kishindo. Shirika la Afya Duniani linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwenye ajali hadi nusu. Mkanda unaozungumziwa pale ni uliokaa mwilini, umelala kwenye mfupa wa nyonga na katikati ya bega. Ulioshikwa kwa mkono hauko kwenye hesabu hiyo. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzuia mwili wake mwenyewe kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Mkono wa mama yangu ndio kabisa.

Sasa tazameni hapa. Ngoja nishushe kamera. Nguzo hii ya katikati, kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwa chini ndani kuna mashine ya mkanda. Ina gurudumu ambalo utepe unajizungushia, na pembeni yake springi bapa iliyojikunja kama ya saa. Springi hiyo imetengenezwa ikiwa laini makusudi. Ingekuwa na nguvu, ungeendesha kutoka Dar mpaka Morogoro umekabwa kifua. Kwa sababu ni laini, kitu kidogo tu kinaishinda.

Na kitu chenyewe kiko hapa juu, kwenye hii pete ya begani. Utepe unapita hapa ukikata kona kila unapofunga na kufungua. Jasho la shingo, mafuta ya kupaka, vumbi la barabara, vyote vinabaki kwenye pete na kuganda kama nta nyeusi. Gari limetoka Japani likiwa na miaka kumi ya mikono ya watu wengine, likaja kuongezewa joto la Dar. Ukitaka uhakika, vaa shati jeupe au kanzu, funga mkanda, kaa dakika tano. Ukiacha mstari wa kijivu begani, umeshapata jibu.

Mkanda wa gari langu hili nao ulikuwa haurudi vizuri, na jana nilifanya hivi. Niliuvuta utepe wote taratibu mpaka mwisho, kisha nikaubana kwa kibanio imara pale unapotokea kwenye nguzo, usijirudie. Kibanio cha nguo cha plastiki kinaweza kuteleza, tumia kile cha chuma cha kubania makaratasi, kikubwa. Hapo msifanye haraka, kwa sababu kikiachia, utepe mbichi unaingia kwenye mashine na maji yake.

Kisha beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, na brashi laini. Unasugua kufuata urefu wa utepe, pande zote mbili, halafu unafuta kwa kitambaa chenye maji safi mpaka povu liishe. Sikuloweka, nilisugua na kufuta tu. Maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Ya tatu ndiyo yakaanza kuonyesha chini ya beseni.

Halafu pete. Watu wengi wanaosha utepe na kuisahau, kumbe yenyewe ndiyo mwizi. Nilichukua kitambaa chembamba, nikakilowesha kwa spiriti ya kusafishia vidonda, nikakipitisha ndani ya pete, nikakivuta huku na huku kama anayesugua mgongo kwa dodoki. Mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Msitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, inakula nyuzi. Wala msipake mafuta ya aina yoyote, hata yale ya kupuliza ambayo mafundi wanayapenda. Leo mkanda utateleza, baada ya mwezi mafuta yatakuwa yamekusanya vumbi jipya, na mtarudi pale pale. Ukaushe kivulini, milango wazi, usiku kucha ukiwa bado umebanwa. Jua kali nalo linachosha nyuzi, msilitumie kama njia ya haraka.

Kabla hata ya sabuni, angalieni kama utepe umejisokota kwenye pete. Hilo ni la dakika moja, unaunyoosha tu kwa vidole. Na kuna magari ambayo ukiuvuta mkanda mpaka mwisho kabisa, unaporudi unalia tik tik tik na unagoma kutoka tena. Huo ni mzima. Umewekwa hivyo ili kushikilia kiti cha mtoto, uache urudi wote ndani, utaachia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mdogo wangu aliambiwa na fundi kwamba mashine ifunguliwe, springi ikazwe. Nakuomba, mdogo wangu, usikubali. Springi ile ikiruka inakata mkono, na hairudishwi ilivyokuwa. Zaidi ya hapo, kwenye magari mengi ya sasa mashine hiyo ina kikaza mkanda chenye baruti ndani, kinacholipuka wakati wa ajali ili kuvuta ulegevu. Waya zake zimeunganishwa na mfumo wa eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, na mara nyingi zina plagi ya njano. Si kitu cha kuchokonolewa na bisibisi chini ya mwembe. Na fundi akiishaitoa akaishika kwa kuinamisha, utepe utagoma kabisa, atakwambia imekufa. Haijafa. Ndani kuna kidude kinachohisi gari likiinama au kusimama ghafla, kwa hiyo kuinamishwa tu kunaifunga.

Kama baada ya kuosha bado unarudi kivivu, au utepe umechanika nyuzi pembeni, au gari liligongwa mkanda ukiwa umefungwa, basi hapo ni kubadilisha mkanda mzima na mashine yake, kwa fundi anayejua eabegi. Ukienda Kariakoo kutafuta spea, usichukue ya gari lililopata ajali eti kwa kuwa ni bei rahisi. Na vile vidude vya kuchomeka kwenye kifungio ili kengele inyamaze, viondoeni. Naviona kwenye teksi nyingi nikija likizo na vinaniuma kweli.

Hapa Uingereza gari likifikisha miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, na mkaguzi hupitia mkanda mmoja mmoja. Gereji moja hapa iliniambia niagize mashine mpya. Nilitaka kwanza kujaribu sabuni.

Haya, ni asubuhi, utepe umekauka. Natoa kibanio. Nauachia... mmesikia? Tap. Jana ulikuwa unaishia kiunoni. Sasa nauvuta kwa ghafla. Umefunga. Tena. Umefunga. Ndivyo unavyotakiwa, urudi kwa upole, ukamate kwa ghafla. Usipokamata ukiuvuta hivyo, msikitumie kiti hicho mpaka ubadilishwe.

Mdogo wangu, Ijumaa jioni nataka picha ya beseni, na uanze na kiti cha mama. Mama, Jumamosi ukipanda gari nipigie. Funga, halafu uachie mkono nikuone.