Kwinini na ukoo wake

Ndugu zangu wa Kisumu, nimelisema hili Kondele, nimelisema Ahero, na leo nalirudia: mkienda kemisti msiombe "zile za njano". Chini ya jina kubwa la biashara pana jina dogo. Hilo ndilo la dawa yenyewe, na lina ukoo.

Chukueni kwinini, dawa ya kale ya malaria. Kwa Kiquechua, lugha ya milima ya Andes, gome ni kina. Wahispania wakaandika quina, na gome la dawa likajulikana kama quina-quina. Hapa Mswahili hahitaji mkalimani, maana nasi hurudia neno tukitaka kulitia nguvu. Mwaka 1820, jijini Paris, wanakemia Pelletier na Caventou walipotenga kiini cha gome hilo, walikiita quinine. Neno la Andes likabaki ndani ya dawa.

Lakini mti wenye gome hilo! Ilisimuliwa kwamba bibi wa Chinchón, mke wa gavana Mhispania wa Peru, aliponywa homa kwa gome lile. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akaamini, na mwaka 1742 akauita mti Cinchona, tena akidondosha herufi h ya kwanza. Baadaye wanahistoria wakafungua shajara ya katibu wa gavana: hakuna homa ya bibi, hakuna gome. Hadithi imeanguka, jina limebaki pamoja na kosa lake la tahajia. Linaniudhi kila nikilisoma. Mti wa Andes, jina la mgeni!

Mama mmoja ataniambia, "Daktari, jina halishushi homa." Kweli, mama. Lakini wakubwa hapa mnaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria iliyowawasha mwili usiku kucha? Sikilizeni mwisho wake: kwini. Primakwini vilevile, meflokwini vilevile. Dawa ikikudhuru, mpe daktari jina hilo dogo. Rangi ya kidonge kila kiwanda huchagua yake.

Mwenyekiti ameinuka, basi haraka. Artemetheri, dawa ya malaria tunayomeza sasa, hutengenezwa kutokana na kiini cha artemisia, mmea ambao wengi hulihusisha jina lake na Artemis, mungu wa kike wa Wagiriki. Kiini hicho kilitengwa China mwaka 1972 na kikosi cha Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wachina hukiita qinghaosu, yaani kiini cha qinghao, jina la mmea katika vitabu vyao vya kale. Lumefantrini, mwenzake wa pakitini, naiacha. Aliye na pakiti mkobani aitoe, tusome yale maandishi madogo.