Kisanduku cha umeme cha kwenda nacho dago

Assalaam alaykum wenzangu. Leo hapa Wete tunafunga kisanduku cha umeme cha kubeba mkononi, kwa wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, ili redio ya VHF, ile ya kuwasiliana baharini, isizimike usiku.

Mpango wenyewe ni wa kijeshi. Jeshi la Marekani lina betri iitwayo BB-2590: uzito kilo 1.4 hivi, ndani mna sehemu mbili za volti 14.4, ukiziunga mfululizo unapata 28.8. Betri ya aina moja inaingia kwenye vifaa vingi, askari halazimiki kubeba kila kifaa na betri yake. Nasi tunafuata hivyo: redio, taa na simu, vyote betri moja.

Kabla hujenda dukani, piga hesabu. Redio ikisikiliza tu, tuseme inakula ampea 0.4, kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10. Ukizungumza inakula ampea 5. Nusu saa kwa siku, ampea-saa 2.5. Taa ya wati 5 kwa saa sita, 2.4. Jumla ampea-saa 15. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 20, inakuvusha siku moja na kidogo. Siku zinazobaki ni kazi ya sola ya kukunja, wati 100. Masika usiitegemee, chukua betri ya pili.

Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na chanya ya betri. Kontrola, kile kifaa cha kati ya sola na betri kinachosimamia chaji, iwe ya kukubali lithiamu. Unga betri kwanza, ndipo sola; ukifungua, sola itangulie kutoka.

Hapa tulieni, maana vyombo vyetu vingi vinaumia hapa: chumvi. Tazameni waya huu. Nje mzima, mwekundu safi. Nauchuna... shaba imekuwa nyeusi, na kwenye skrubu pana ukoga wa kijani. Umeme utapita wapi? Kata mpaka uione shaba inayong'aa, bana kichwa kipya cha waya kwa koleo, paka grisi, kisha funika kwa mpira.

Mwisho, mita. Washa redio, tumia chaneli ya kazi, siyo 16, hiyo iacheni kwa dharura. Bonyeza kuzungumza, mwenzio apime volti kwenye betri, kisha nyuma ya redio. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungio kibovu. Anza na cha fyuzi.