Usiseme "iko blur" kabla hujauliza

Mbukwenyi jamani! Haya, asanteni. Naona wengine mmeng'ang'ania huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele viti vipo, leo nimekuja na picha zilizosafishwa kwenye karatasi, sio za kurusha ukutani, ukikaa mbali huoni kitu.

Nimeombwa niongee kuhusu picha za majaribio, zile unazozivuruga makusudi kutafuta kitu, ambazo mteja wa harusi akiziona anadai hela yake. Lakini nikiwaangalia hapa wengi mnajua kushuti kuliko nilivyojua mimi nikiwa na umri wenu, kwahiyo sitaongelea kushuti. Tatizo letu hapa Dodoma ni kwamba mtu akishamaliza kushuti anamuonyesha nani, na huyo aliyeonyeshwa anasema nini.

Angalieni kwenye magrupu yetu. Mtu akitupia bibi harusi ametulia, ngozi inang'aa, nyuma taa zimeyeyuka vizuri, utaona vimoto vinashuka, "kali sana mkuu", "hatari", "noma". Kesho yake huyohuyo anatupia picha ameivuruga makusudi, kimya. Masaa mawili kimya. Alafu anajitokeza mmoja anaandika "iko blur kaka", yaani ina ukungu, na hapo mjadala umefungwa. Mi nasema yote mawili hayo sio maoni, la kwanza limempita tu na la pili limemzima.

Niwape la kwangu. Miaka kama kumi imepita, mwezi wa nane, ule upepo wetu mnaujua. Nilikuwa natoka Bahi kwenye kazi ya send-off, njiani nikakuta vumbi limesimama kama nguzo na kijana anavusha punda wake wawili katikati yake. Nilikuwa na kioo cha filta kilichochakaa, kile cha kufunga mbele ya lenzi, nikachukua mafuta ya mgando nikapaka kwa kidole pembeni kwote nikaacha katikati pasafi, nikapiga. Ikatoka punda wanaonekana, kijana anaonekana, ila dunia yote inayowazunguka inatiririka nyekundu. Nikaipeleka kwa mkubwa mmoja wa kazi niliyekuwa namheshimu sana. Akaiangalia muda wa kumeza mate, akasema, "Lenzi yako chafu dogo, futa hizi." Nikafika nyumbani nikaformati kadi nzima.

Hakunitukana yule mzee, tena alidhani ananisaidia. Aliona mafuta kwenye kioo na mafuta kweli yalikuwepo. Ila hakuuliza yamefikaje.

Na hapa ndo penye ugumu wenyewe wa picha za majaribio, kosa na uamuzi vinafanana sura. Picha ya pasipoti ikiwa haina fokasi ni mbovu, hakuna haja ya kumuuliza mtu. Lakini kwenye hizi zetu ukungu unaweza kuwa mkono ulitetemeka, unaweza kuwa mtu amekaa wiki mbili anautafuta. Na hili sio la leo. Mwaka 1863 mama mmoja Uingereza, Julia Margaret Cameron, alipewa kamera na binti yake, ana miaka 48, watoto ameshalea. Akaanza kupiga sura za watu kwa karibu, fokasi laini, mwanga unatoka upande mmoja. Mafundi wa wakati wake wakamshambulia kweli kweli, hajui fokasi, hajui usafi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba akizungusha lenzi akafika mahali ambapo macho yake yanaona pazuri anaachia hapohapo, haendelei kukaza kama wenzake. Mwaka 1865 makumbusho ya South Kensington kule London, ambayo leo ndo Victoria and Albert, wakanunua picha zake. Sasa msinielewe vibaya, nyingine zilikuwa na alama za vidole na mikwaruzo ambayo hakuitafuta na akaziacha hivohivo, kwahiyo waliomkosoa sio kwamba hawakuona kitu. Waliona vyote, wakaviweka kwenye kapu moja.

Kazi yako unapoonyeshwa picha ni kumsaidia mwenzio atenganishe hilo kapu. Hiki nilichoamua, hiki kimenitokea, na hiki kilichonitokea nakitaka au sikitaki.

Tuangalie hii, mshike taratibu, pitisheni. Mwenye picha yupo hapa ameniruhusu, jina atajitaja mwenyewe akitaka. Ni shamba la zabibu kule Hombolo, asubuhi sana jua ndo linachungulia, mama anakata vichala. Shata imefunguka robo sekunde, na wakati iko wazi mpiga picha ameishusha kamera kwa haraka kwenda chini. (Angejaribu hivi saa saba mchana bila filta nyeusi ya kupunguza mwanga ingetoka nyeupe tupu, ndo maana aliamka alfajiri, na hilo peke yake lilinipa heshima.) Majani yamekuwa mistari ya kijani, zabibu mistari ya zambarau inayokaribia weusi, mkono wa mama umebaki kama kivuli, na chini kushoto kuna ndoo ya njano.

Aliponionyesha sikusema nzuri wala mbaya. Nilimwambia jicho langu limefanya nini. Nikasema, nimeingia kwa juu kulia, nimeteremka na mistari, nimefika kwenye mkono nikataka kukaa pale, alafu ndoo ya njano ikaniita na sijarudi tena kwenye mkono. Basi. Ndo nikamuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini dada?"

Akanijibu, "Kasi ya mikono. Wale mama wanakata mpaka kisu hukioni."

Kumbe! Angalieni tena. Kwenye hii picha kinachokimbia ni kamera, sio mkono. Kila kitu kimekimbia sawasawa, jani limekimbia, nguzo imekimbia, mkono umekimbia, kwahiyo kasi ya yule mama imemezwa na kasi ya mpiga picha. Ukitaka mkono ndo ukimbie inabidi dunia isimame, kamera itulie kwenye stendi, shata robo sekunde ileile, majani yabaki majani na mkono uyeyuke wenyewe. Nikamwomba anionyeshe fremu zote za asubuhi ile, na hili nawaomba mlifanye sana, usitoe maoni kwa picha moja iliyochaguliwa, omba na ndugu zake. Zilikuwa arobaini na kitu. Katikati yake kuna moja alikuwa amechoka, akaegemeza kamera kwenye nguzo ya mizabibu. Hii hapa. Kichala kimetulia unaweza kuhesabu punje, vidole havipo, pamebaki moshi wa kahawia unaozunguka kikonyo. Alikuwa ameiweka kwenye za kufuta kwa sababu aliona haijavurugika vya kutosha.

Fikirieni ningemwambia "iko blur". Angeenda kupandisha shata mpaka 1/500 ya sekunde, mkono ukaganda, ikawa picha ya kalenda ya kilimo. Ningemwambia "kali sana" angeendelea kutikisa kamera mwaka mzima. Na ndoo? Alisema hakuiona kabisa mpaka nilipoitaja, sasa hivi akifika shambani kitu cha kwanza anahamisha ndoo.

Mtu ataniuliza kwanini nisiulize kwanza alitaka nini alafu ndo niangalie. Kwa sababu akishakwambia "nilitaka kasi ya mikono", jicho lako linakuwa limeshahongwa, utaiona hiyo kasi hata kama haipo. Angalia kwanza, dakika nzima, ni ndefu kuliko unavyodhani, sema ulichoona, ndo uulize. Na we mwenye picha wakati huo nyamaza. Najua inauma, unataka kueleza hapa nilifanya hivi kwa sababu hivi, lakini ukishaeleza umelipoteza jicho geni na halirudi.

Kuna suala la heshima pia tusilifiche. Kijana wa miaka ishirini anaonyeshwa picha na mtu anayemwamkia shikamoo, atasemaje? Mi naona hapa hii njia inatuokoa, kwa sababu kumwambia mzee jicho langu limekwama hapa sio kumkosoa, unamhadithia safari yako, na kumuuliza mkubwa alikuwa anatafuta nini haijawahi kuwa utovu wa adabu. Na ukiwa hujaelewa sema sijaelewa ila nimehisi baridi, au nimehisi kama nasikia kelele, hayo ni maoni kamili, mtu anaweza kuondoka nayo akafanya kazi.

Kitu kimoja kinanikera kweli na nitakisema. Usichukue picha ya mtu ukaiediti ukamrudishia grupuni "ona ilivyotakiwa kuwa". Hujaombwa. Umemnyang'anya jaribio lake ukaweka lako. Mwambie kwa mdomo, tena kitu kimoja anachoweza kukijaribu kesho asubuhi, sio tisa. Alafu hizo picha za WhatsApp tutumiane kama dokumenti jamani, ukituma kawaida inaminywa, na kwenye picha ya majaribio ile chengachenga inaweza kuwa ndo habari yenyewe, unakuja kumlaumu mtu kwa kitu kilichofanywa na simu.

Na bahati njema? Ndio ipo, picha inajitokea yenyewe na ni nzuri kuliko ulichotaka. Ukiiona kwa mwenzio muulize swali moja tu, unaweza kuirudia? Akisema sijui ilivyotokea, kaeni chini mtafute, mwanga ulitoka wapi, shata ilikuwa ngapi, alisimama wapi, mpaka ipatikane tena. Ile ya kuegemea nguzo tulirudi Hombolo mara tatu.

Nimeongea vya kutosha. Mezani pale kuna bahasha, ndani kuna picha kumi na mbili zenu wenyewe, hazina majina nyuma. Naanza na hii ya juu. Inazunguka mkono kwa mkono, simu mfukoni, hakuna anayesema chochote mpaka imefika kwa yule dada wa mwisho pale dirishani, na we mwenye picha nakuomba uso wako usituambie ni yako.