Jimmy Speirs: nahodha aliyeipa Bradford kombe, kisha akaenda vitani

Ndugu watazamaji wangu mlioko nyumbani, hamjambo. Leo ninazungumza nanyi kutoka Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa England, na ninataka niwasimulie habari za Mskoti ambaye mashabiki wa mji huu wanamtaja hadi leo, ingawa alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Jimmy Speirs alizaliwa Glasgow mwaka 1886. Alichezea Rangers, kisha Clyde, na mwaka 1908 akaitwa timu ya taifa, Uskoti ilipoifunga Wales mabao 2 kwa 1 mjini Dundee. Hakuitwa tena, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa dhuluma. Mwaka 1909 alihamia Bradford City, klabu changa iliyoundwa mwaka 1903, ambayo kama klabu nyingi za England wakati huo ilitegemea sana vipaji vya Waskoti.

Aprili 1911 Bradford City ilifika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle United, ambao ndio waliokuwa wakilishikilia kombe hilo, na ambao walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi mwaka 1905, 1907 na 1909. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Crystal Palace, London, ilimalizika bila bao. Siku nne baadaye ikarudiwa Old Trafford, Manchester, na katika dakika ya 15 Speirs, aliyekuwa nahodha, akafunga kwa kichwa. Muda wote uliobaki ulikuwa wa kulinda bao hilo moja, nao wakalilinda. Katika kikosi hicho cha watu 11, Waskoti walikuwa 8! Kombe lenyewe lilikuwa jipya, likitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo, na lilikuwa limetengenezwa na kampuni ya masonara ya Fattorini ya hapa hapa Bradford, hivyo ni kama lilirudi kwa waliolitengeneza.

Mwishoni mwa 1912 aliuzwa kwa Leeds City, iliyokuwa chini ya Herbert Chapman, kocha ambaye baadaye alijenga jina kubwa Huddersfield na Arsenal.

Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, ligi iliendelea hadi msimu ukaisha, huku magazeti yakiwashutumu wachezaji kwamba wanacheza wakati wenzao wanakufa. Mei 1915 Speirs alijiandikisha katika kikosi cha Queen's Own Cameron Highlanders. Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu wengi humkumbuka kwa bao tu. Sheria ya kuwalazimisha wanaume kuingia jeshini ilikuja mwaka 1916, tena ikaanza na makapera. Speirs alikuwa na mke na watoto wawili, na wakati anajiandikisha hakuna sheria iliyomlazimisha. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito kuliko kichwa cha Old Trafford, ingawa ninajua kwamba mashabiki wa Bradford watanipinga.

Jeshini alipanda hadi cheo cha sajini, na mwaka 1917 akatunukiwa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa wake vitani. Mwaka huo huo, vita hivyo hivyo vilikuwa vikipiganwa pia kwetu, huko Lindi. Mwishoni mwa Julai majeshi ya Uingereza yalianza mashambulizi makubwa karibu na Ypres, Ubelgiji, yanayojulikana zaidi kwa jina la Passchendaele, na mvua za Agosti zikaugeuza uwanja wa mapigano kuwa tope lililomeza watu na farasi. Speirs aliuawa huko tarehe 20 Agosti 1917, akiwa na umri wa miaka 31.

Leeds City ilivunjwa mwaka 1919, na Bradford City haijalitwaa tena Kombe la FA. Kwa ninyi mnaonitazama mkiwa Brussels au Antwerp, kaburi lake liko katika makaburi ya kijeshi ya Dochy Farm, mwendo mfupi kwa gari kutoka Ypres.