Doti Moja, Vipande Viwili
(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za asubuhi.

Kila mwaka nasahihisha swali la hesabu ya DNA na kromosomu seli inapogawanyika, na kosa ni lile lile: mtu anaandika kwamba DNA ikiongezeka maradufu, kromosomu za binadamu nazo zinafika 92. Linaniuma, maana anayeliandika mara nyingi amesoma sana.

Tazameni doti hii ya khanga, haijakatwa. Ni doti ngapi? Moja. Vipande je? Viwili, na jina lililoandikwa ni lile lile. Shikeni hapo.

Seli ya ngozi yako ina kromosomu 46. Kabla haijajiandaa kugawanyika, kila kromosomu ni kipande kimoja, na kiasi cha DNA cha seli nzima tunakiita 2C, yaani mara mbili ya DNA iliyomo kwenye yai au mbegu ya uzazi. Ikiingia awamu ya S, DNA yote inanakiliwa. Sasa kila kromosomu ni doti: vipande viwili, yaani kromatidi mbili, zilizoshikana kwenye kifundo kiitwacho sentromia. DNA imefika 4C, kromosomu bado 46, kwa sababu tunahesabu doti.

Na haya hutokea kiini kikiwa kimetulia, ukikitazama kwa hadubini huoni kitu. Mwaka 1953 wanasayansi Alma Howard na Stephen Pelc walitumia fosforasi yenye mionzi kwenye mizizi ya maharage mapana, wakaonyesha kwamba kunakili kunakwisha saa kadhaa kabla ya seli kugawanyika.

Mkasi unapita kwenye anafezi, hatua ambayo kromatidi zinaachana. Hapo, kwa muda mfupi tu, mtahesabu 92 ndani ya seli moja. Kisha seli inakatika: kila upande 46, 2C.

Meiosisi sasa, mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu za uzazi, na hapa nawaomba msikimbie. DNA inanakiliwa mara moja, seli inagawanyika mara mbili. Mgawanyiko wa kwanza hauna mkasi: doti ya baba na doti ya mama zinajipanga pamoja, kisha zinaachana zikiwa nzima. Kila seli inabaki na doti 23, DNA 2C. Ni 2C ile ile ya seli ya ngozi, lakini kromosomu ni nusu! Mgawanyiko wa pili ndio wenye mkasi: vipande 23, C moja.

Mkonge wetu unakwama kwenye kule kujipanga. Una seti 5, kila moja ya kromosomu 30. Mbili zikishikana na mbili, ya tano inakosa mwenzake. Ndiyo maana mbegu zake ni adimu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Iliongezeka kwa machipukizi na vijimche vya kwenye mlingoti, yaani kwa mitosisi, mgawanyiko ule ule wa seli ya ngozi.

Toeni daftari. Choreni grafu ya DNA katika ncha ya mzizi wa mkonge. Mstari wako ukishuka chini ya 2C, futa, anza upya.