Baba Hatoi Matunzo? Anzia Ofisi ya Mtaa, na Tunza Kila Meseji ya Muamala

Habari zenu ndugu zangu wa Dodoma mjini, Bahi, Kongwa, Chamwino na kote mnakotazama. Leo naongea na akina mama walioachiwa watoto, na bibi zetu wanaolea wajukuu. Meseji zinazowafikia ndugu walio huku Uingereza zinafanana sana: baba wa mtoto hatoi hata mia, tafadhali nitumie ada. Ndugu atatuma muhula huu, muhula ujao atakwama. Wakati huohuo baba yupo Kizota au Kibaigwa, anafanya kazi, na halmashauri yako ina mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia matunzo ya watoto. Anaitwa afisa ustawi wa jamii.

Msimchanganye na afisa maendeleo ya jamii. Wa maendeleo anashughulika na vikundi na ile mikopo ya asilimia kumi isiyo na riba: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Wa ustawi ndiye wa matunzo ya watoto na migogoro ya familia. Mtu anaweza kushinda kwenye benchi siku nzima kumbe amekaa mlango usio wake.

Njia yenyewe ni hii. Nenda kwanza kwa mtendaji wa mtaa wako, au wa kijiji, upewe barua ya utambulisho. Barua iseme unakaa hapo, unalea mtoto fulani, na unapelekwa ustawi kwa suala la matunzo. Ukifika kata, uliza kama kuna afisa ustawi. Kama hayupo, nenda halmashauri. Huduma yake hailipiwi.

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti bado. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikishwa na kupata cheti bure kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, kwa hiyo hilo lisikucheleweshe. Beba namba ya NIDA kama unayo. Halafu, na hapa ndipo mashauri mengi hukwama, beba taarifa za baba zinazomfanya apatikane: majina yake kamili, namba za simu anazotumia sasa, mtaa anaolala, mahali anapofanyia kazi. Kama ni bodaboda, andika kijiwe chake. Kama ana shamba la zabibu Hombolo, andika kijiji. Wito usiojua pa kwenda unabaki mezani.

Kitu kingine ni hesabu. Huku Uingereza kuna kanuni: kwa kiwango cha kawaida, mtoto mmoja ni asilimia 12 ya kipato cha mzazi kabla ya makato, wawili 16, watatu au zaidi 19. Tanzania hatuna asilimia kama hizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea huyo baba, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Maana yake, usipopeleka hesabu yako, kiasi kitakadiriwa bila wewe. Chukua daftari uandike mwezi mzima: unga, mboga, mafuta, sabuni, nauli, dawa, sehemu ya kodi ya chumba. Sare, viatu na madaftari viweke ukurasa wake, maana vinakuja kwa msimu. Andika bei ya kweli ya Sabasaba au Majengo. Hesabu iliyotiwa chumvi ikigundulika kwenye kitu kimoja, na vingine vyote havitaaminika.

Afisa atamwita baba, mtakaa kikao. Jambo ninalolisisitiza: msitoke na makubaliano ya mdomo. Yaandikwe kiasi, tarehe, namba ya simu itakayopokea, nani analipa matibabu, nani sare. Wote msaini, na wewe uondoke na nakala. Mkoa wetu kipato kinakwenda na msimu, kwa hiyo baba mkulima akiahidi pesa sawa kila mwezi, Januari na Februari atashindwa hata akiwa na nia njema. Bora mkubaliane fedha kidogo kila mwezi, na gunia za mtama au mahindi wakati wa mavuno. Makubaliano yanayotekelezeka yanamlisha mtoto kuliko kiasi kikubwa cha kwenye karatasi.

Akikataa wito, au akisaini kisha akaacha kutoa, shauri linakwenda mahakama ya watoto. Baadhi ya mahakama za mwanzo zimepewa mamlaka hayo, kwa hiyo muulize afisa ni ipi ya karibu. Huhitaji kudai talaka ili upate matunzo, wala si lazima uwe mama mzazi: bibi anayeishi na mjukuu anaweza kuomba. Kama kuandika maombi kunakutisha, tafuta msaidizi wa kisheria. Wapo kwenye wilaya, na msaada wao ni wa bure.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa haki za watoto zinapotea kimyakimya. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, sheria imeweka muda. Mama anaweza kuomba akiwa bado mjamzito, au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Ikipita hapo, anaweza bado kuomba akithibitisha kwamba ndani ya miezi hiyo 24 baba aliwahi kutoa fedha za matunzo. Na kama baba aliondoka nchini ndani ya muda huo, anaweza kuombewa amri ndani ya miezi 24 tangu aliporudi. Kwa hiyo zile meseji za M-Pesa za elfu kumi, elfu ishirini, usizifute. Zipige picha, zitume kwenye simu ya mtu unayemwamini, na ukiweza chukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu. Fedha ya mkononi isainiwe kwenye daftari.

Akina baba mlio huku nje, hili ni letu pia. Ukimtumia shangazi au rafiki akupelekee, hakuna rekodi kwamba umemlea mwanao, na mara nyingine hata fedha haifiki. Tuma kwa simu ya mama mwenyewe, kila mwezi.

Baba akikana mtoto, usimfuate kwa ugomvi. Kipimo cha DNA kinafanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini huendi mwenyewe dirishani. Ombi linapitia mamlaka kama afisa ustawi, mahakama au wakili, na majibu yanarudi kwa aliyeomba. Kipimo kina gharama, kwa hiyo kwenye kikao iandikwe nani analipa.

Kukiwa na kipigo au vitisho, kikao cha usuluhishi kisubiri. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto aliye hatarini piga 116, ni bure.

Ukishapata amri ya mahakama, baba akiruka miezi, rudi mahakama ileile na nakala ya amri na orodha ya miezi isiyolipwa. Kama ameajiriwa, omba makato yatoke kwenye mshahara wake. Usimfiche mtoto kwa sababu hajalipa, kwa kuwa kuonana na baba ni haki ya mtoto na haibadilishwi kwa fedha. Na amri si lazima iishe mtoto akifika miaka 18: akiwa bado anasoma, mahakama inaweza kuiongezea muda. Peleka maombi hayo kabla hajatimiza, pamoja na barua ya shule au chuo.