Kasha la njumu: ligeuze kwanza

ZUHURA: Karibuni tena. Tuko Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, na upepo wa baharini mtausikia kwenye maikrofoni, mtuwie radhi. Leo ni makasha ya njumu, yale ya mbao yaliyopambwa kwa mabati na misumari ya shaba. Fundi Athumani, mtu kaonyeshwa kasha, kaambiwa lina miaka mia. Aanzie wapi?

ATHUMANI: Aligeuze, Bi Zuhura. Uso wa kasha ndio muuzaji amekesha akiupangusa. Mgongoni na chini hakuna anayehangaika nako. Mbao ya zamani isiyopakwa kitu huwa na rangi ya kijivujivu isiyolingana: penye unyevu imekoza, penye hewa imepauka. Ukikuta rangi moja ya kahawia mgongo mzima, hiyo imetoka koponi.

ZUHURA: Na mkono?

ATHUMANI: Pitisha kiganja kukata nyuzi za mbao. Randa ya mkono huacha mawimbi madogo, jicho halioni ila kiganja kinayapata. Ukiona mikwaruzo ya nusu duara iliyopangana sawasawa, hiyo ni mashine. Halafu chomoa droo. Chini yake palike pale zinaposuguana na reli tu. Kuna watu huzeesha droo kwa msasa, ikalika hata kusikogusa kitu!

ZUHURA: Skrubu je? Wengi hupita hapo.

ATHUMANI: Skrubu ya kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye bawaba usiseme papo hapo kasha ni bandia, huenda bawaba ilibadilishwa. Tafuta matundu ya zamani pembeni yake. Matundu hayapo, na kila skrubu ni ya msalaba? Basi unajua.

ZUHURA: Niongeze sumaku, ile ya kubandika kwenye friji inatosha. Shaba hainasi. Bati la njumu likinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ila kitasa na bawaba msizihukumu kwa sumaku, nyingi zilikuwa chuma tangu mwanzo.

ATHUMANI: Hapo sawa. Na ndani, upande wa kushoto mara nyingi, kuna kile kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Pima kina chake kwa rula, kisha pima kwa nje. Vipimo vikipishana sentimita kadhaa, tafuta droo ya siri. Usiilazimishe na bisbisi. Mara nyingi kuna ubao wa kuvuta juu kwanza.

ZUHURA: Kuna hili la asili. Watu wanayaita makasha ya Zanzibar, lakini mengi yalishushwa na majahazi ya kaskazi kutoka Surat na Bombay. Kutoka India hakulipunguzii kasha thamani. Msaji wenyewe, mti wa mbao za makasha haya, siku hizi unapandwa hapa hapa, Longuza kule Muheza, kwa hiyo "ni msaji" peke yake haithibitishi umri.

ATHUMANI: Kabisa. Sasa tuje kwenye ndimu, maana makasha mengi yanaharibiwa na ndimu kuliko mchwa.

ZUHURA: Ndimu na majivu, au ukwaju. Kila nyumba ya pwani inasafishia shaba hivyo.

ATHUMANI: Sinia sawa, utalisuuza. Bati la njumu limepigiliwa juu ya mbao. Asidi inaingia chini ya bati, hutaitoa. Inakula zinki iliyomo kwenye shaba, yanabaki mabaka ya waridi, na chini kutu ya kijani inaendelea. Dawa za kopo nazo huacha unga mweupe kwenye nakshi. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi. Penye kijani, saga chaki laini, ichanganye na spiriti kidogo iwe uji mzito, sugua kwa pamba iliyozungushiwa kijiti. Chomeka kipande cha plastiki chini ya ukingo wa bati ili mbao isiguswe. Ukiishia kwenye rangi ya asali iliyokoza, acha. Shaba inayometa kama bomba jipya, mimi bei naishusha.

ZUHURA: Na misumari iliyolegea?

ATHUMANI: Mbao inavimba masika, kiangazi inanywea, msumari unasukumwa nje. Kosa kubwa ni kupigilia wa chuma. Chumvi ya bahari na shaba pembeni, chuma kinaoza haraka, kutu inavimba, mbao inapasuka na kuwa nyeusi. Ng'oa, ziba tundu kwa kijiti cha mbao na gundi, ikauke usiku mzima. Kisha toboa kwa keekee nyembamba kuliko msumari, maana wa shaba ni laini, ukiupiga bila tundu unapinda. Na nyundo isiguse bati, weka kibao katikati.

ZUHURA: Nta?

ATHUMANI: Nta ya nyuki sehemu 1, tapentaini sehemu 3, kwa uzito. Yeyusha nta kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Epua, sogea mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini. Inashika moto upesi. Paka nyembamba, subiri nusu saa, futa. Mara moja au mbili kwa mwaka.

ZUHURA: Kuna msikilizaji kauliza habari za mlango wa nakshi, anataka kuusafirisha nje.

ATHUMANI: Asithubutu kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Kwanza aende na picha na vipimo, mlango wenyewe auache ukutani.